Umehamia kijijini Polandi? Anza kwa sołtys, kisha nenda gmina na nakala mbili

Nilipofika hapa mwaka 2017, mama mkwe alinitembeza na kunionyesha vitu vitatu: kisima cha zamani, mbwa ambaye alisema hang'ati, na nyumba ya ng'ambo ya barabara yenye kibao chekundu kilichoandikwa SOŁTYS. Mbwa aling'ata. Kibao ndicho kilichonifaa.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeolewa, uliyeoa au uliyepata kazi huku, ukajikuta si Warsaw bali kijijini, ambako basi linapita mara mbili kwa siku na Jumapili halipiti kabisa. Kila mtu atakuambia "hilo ni la gmina", na hakuna atakayekueleza gmina ni mnyama gani. Yangu sitaitaja jina. Iko mkoa wa Lubelskie, mashariki, na msemaji wa Kiswahili humu ni mmoja tu. Nikiitaja nimejitaja.

Nani ni nani

Kama umekulia Tanzania, anzia kwetu. Chini kabisa kuna sołtys (tamka "sowtis"), ambaye ni kama mwenyekiti wa kijiji: wanakijiji wanamchagua kwa kura ya siri, hana ofisi, anakupokea jikoni kwake. Juu yake kuna gmina, kubwa kuliko kata na ndogo kuliko wilaya, yenye baraza la madiwani na mkuu wake. Kisha powiat, ambayo ni kama wilaya, kisha mkoa, na mikoa ipo 16. Ila usidhani hawa ni wakubwa wa kupeana amri kwenda chini. Powiat haimwamrishi mtu wa gmina. Kila ngazi ina kazi zake kwa mujibu wa sheria, na hapo ndipo sisi wageni tunapopoteza miezi, tunabisha hodi mlango usiohusika.

Mkuu wa gmina ya vijijini anaitwa wójt (tamka "vuyt"). Yule wa gmina yenye mji ni burmistrz, na miji mikubwa ina prezydent. Nyumbani tuna mwenyekiti wa halmashauri anayechaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi anayeteuliwa kutoka juu. Wójt ni hao wawili ndani ya koti moja, na tangu 2002 wananchi wanampigia kura moja kwa moja. Muhula ni miaka 5. Kuanzia uchaguzi wa 2018 haruhusiwi kuzidi mihula miwili. Kura za mwisho zilipigwa Aprili 2024, na vijijini siku zile hata wasiosalimiana kanisani walisalimiana.

Baraza, yaani rada gminy, lina madiwani 15 ikiwa wakazi hawazidi 20,000, kila mmoja na eneo lake dogo. Kwa hiyo diwani wako unamfahamu kwa sura. Wangu ndiye mwenye trekta linalosukuma theluji, na nadhani kura nyingi alizipata huko huko kwenye theluji. Yupo pia skarbnik, mweka hazina. Huyu hasikiki sana mikutanoni, lakini ahadi ya fedha haisimami bila saini yake. Ukisikia wójt amekubali jambo lako, uliza taratibu kama skarbnik naye amekubali.

Mfumo huu si wa kale kama unavyoonekana. Enzi za ukomunisti gmina ilikuwa mkono wa dola tu. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria ya Machi 1990, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 27 Mei mwaka huo huo. Mama mkwe anasema siku ile alivaa viatu vyake vya harusini.

Siku nne za mwanzo

Ikiwa si raia wa Umoja wa Ulaya na utakaa zaidi ya siku 30, unatakiwa uandikishe makazi yako kabla ya siku ya nne kwisha tangu ufike kwenye anwani hiyo. Shughuli hii inaitwa zameldowanie. Nenda Urząd Gminy, yaani ofisi ya gmina, ulizia "ewidencja ludności". Beba pasipoti yenye viza au kadi ya ukaazi, na uende na mwenye nyumba mwenyewe au mkataba wa kupanga, kwa sababu fomu inataka athibitishe kwamba kweli unalala kwake. Kuandikisha ni bure. Ukitaka cheti cha makazi ya muda, ni zloti 17.

Hapo ndipo wengi wanapopata PESEL, namba ya tarakimu 11 ambayo bila hiyo unakuwa kivuli kwa daktari, benki na shule. Jifunze kuisoma. Tarakimu sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ya kumi ni jinsia: shufwa kwa mwanamke, witiri kwa mwanamume. Mwanangu alizaliwa Machi 2019, na namba yake ilipokuja inaanza na 1923. Mwezi wa ishirini na tatu! Nilikuwa nimeshavaa koti kwenda kulalamika ndipo mume wangu akanieleza kwamba waliozaliwa kuanzia mwaka 2000 wanaongezewa 20 kwenye mwezi ili wasichanganyike na wazee wa karne iliyopita.

Sasa yasiyo ya gmina, uyajue mapema. Kadi ya ukaazi ni ya wojewoda, mwakilishi wa serikali kuu mkoani. Leseni ya udereva na usajili wa gari ni vya powiat, kwenye jengo linaloitwa starostwo. Kodi ya mapato ina ofisi yake, urząd skarbowy. Lakini cheti chetu cha ndoa cha Arusha kilisajiliwa upya humu humu gmina, mlango wa pili kulia, ofisi ya USC inayosajili vizazi, ndoa na vifo, baada ya kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Usipoteze pesa kutafsiri kwa rafiki anayejua lugha. Muhuri wa duara wa mtafsiri ndio wanaoutafuta.

Na adabu. Ukiingia chumba chenye foleni, sema "dzień dobry" kwa wote, hata kama hakuna aliyeinua macho. Usiposema, wanaona ni kama kuingia nyumba ya mtu kwetu bila hodi. Karani utamwita "proszę pani", kamwe usimwambie "ty", yaani "wewe". Kiongozi unamwita kwa cheo: "Panie Wójcie", "Panie Sołtysie". Mimi niliyekuzwa kwa shikamoo hili halikunipa shida. Walionipa kazi ni wanangu, wanaomsalimia kila mtu "cześć" kama wamecheza naye gololi.

Nakala mbili na muhuri

Hili ndilo ningetaka ulishike hata ukiacha mengine. Miaka ya mwanzo nilipeleka barua kwenye ofisi moja, nikampa mtu mkononi, tukacheka, nikaondoka. Baada ya wiki sita barua haikuwahi kuwepo. Hakuna aliyeiona wala aliyenikumbuka, na mweusi kwenye jengo lile nilikuwa mimi peke yangu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Naandika barua ukurasa mmoja. Juu kulia mahali na tarehe. Kushoto jina langu na anwani. Chini yake kulia "Wójt Gminy", na jina la gmina. Katikati neno "Wniosek", maana yake maombi. Kisha sentensi tatu: nataka nini, kwa nini, wapi hasa. Saini ya kalamu. Nachapa nakala mbili, naenda kwenye dirisha la mapokezi linaloitwa dziennik podawczy, natoa zote mbili. Karani anagonga muhuri wa "wpłynęło" kwenye zote, anaandika tarehe, anabaki na moja, ananirudishia nyingine. Ule mlio wa muhuri, tap, ndio mwanzo wa hesabu: kwa kawaida wana mwezi mmoja kujibu jambo linalohitaji kuchunguzwa, miwili likiwa gumu. Siku ya thelathini na moja narudi na nakala yangu. Simgombezi mtu. Naiweka tu juu ya kaunta.

Ukipewa uamuzi usiokupendeza, soma mistari ya mwisho. Itakuambia una siku 14 za kukata rufaa kwa Samorządowe Kolegium Odwoławcze, chombo cha rufaa za serikali za mitaa, na rufaa unaipitisha kwa wójt yule yule aliyekukatalia. Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo. Na usikimbie barua za posta. Tarishi akikukosa anaacha kikaratasi cha awizo. Ukikaa siku 14 bila kwenda kuchukua, sheria inahesabu umeipokea. Namjua mtu aliyedhani kutokuchukua ni ujanja.

Shimo ni la nani?

Barua yangu ya kwanza yenye muhuri ilihusu mashimo ya barabara inayopita mbele ya shule. Niliandika vizuri, nikaweka na picha. Jibu likaja kwa wakati: barabara hiyo si ya gmina, barua imehamishiwa powiat. Ofisi isiyohusika inapaswa kuipeleka inakohusika na kukujulisha, na walifanya hivyo. Ila msimu wa kutengeneza ulikuwa umepita, tukala mashimo majira yote ya baridi.

Kwa hiyo uliza kwanza. Kibao chekundu chenye namba ya tarakimu moja au mbili ni barabara ya taifa. Cha manjano chenye tarakimu tatu ni ya mkoa. Isiyo na kibao cha namba ni ya powiat au ya gmina, na hapo macho hayatoshi: muulize sołtys. Wangu alinijibu bila kuacha kumenya viazi.

Basi la shule, kwa upande mwingine, ni la gmina moja kwa moja. Shule ya msingi ya miaka 8 iko chini yake. Mtoto wa darasa la 1 hadi la 4 anayekaa zaidi ya kilomita 3 kutoka shule yake, au wa la 5 hadi la 8 anayezidi kilomita 4, ana haki ya kusafirishwa bure. Pima kwa njia anayopita mtoto. Usipime kwa ndege.

Taka, shimo la choo na kodi ya nafaka

Taka zimekuwa jukumu la gmina tangu Julai 2013. Mtu akihamia au mtoto akizaliwa, mnajaza tamko jipya kabla au siku ya 10 ya mwezi unaofuata, kwa sababu wengi wanalipa kwa kichwa. Njano ni plastiki na metali, buluu karatasi, kijani chupa za kioo, kahawia mabaki ya jikoni na bustani, nyeusi yaliyobaki. Nguo kuukuu tangu Januari 2025 haziingii kwenye nyeusi. Unazipeleka PSZOK (tamka "pshok"), kituo cha kupokea taka zilizotenganishwa, pamoja na magodoro na matairi. Ukiwa na shimo la mboji nyuma ya nyumba, liandike kwenye tamko, unapunguziwa.

Nyumba isiyo na bomba la maji taka ina szambo, na gari la kunyonya likija, tunza risiti. Gmina inatakiwa kukagua angalau mara moja kila miaka miwili, na mkaguzi hataki kuona shimo. Anataka risiti. Zangu nimezibana kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya Kilimanjaro.

Kodi ya shamba ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Inapimwa kwa nafaka! Mwenye shamba analipa kwa kila hekta ya kukadiria (iliyohesabiwa kwa ubora wa udongo) thamani ya kilo 250 za żyto, nafaka ya mkate wao mweusi, binamu wa ngano. Sisi wenye kieneo kisichofika hekta moja tunalipa kilo 500 kwa hekta. Bei inatangazwa kila mwaka na mkuu wa ofisi ya takwimu, na baraza la gmina linaweza kuishusha. Kwa mwaka 2025 ilikuwa zloti 86.34 kwa kilo 100, yaani zloti 431.70 kwa hekta kwa watu kama sisi. Tuna hekta 0.40 ya daraja la nne, baraza halikushusha bei, tukalipa zloti 173. Ardhi ya daraja la tano na la sita haitozwi, na mama mkwe hajawahi kuisamehe serikali kwa kuiona ardhi yetu kuwa nzuri.

Awamu ni nne: 15 Machi, 15 Mei, 15 Septemba, 15 Novemba. Unaweza kulipa benki, ila kwetu sołtys bado anakusanya mwenyewe na kukupa stakabadhi. Lipa kwake. Utaketi dakika tano, utapewa chai, na utajua habari za kijiji kizima.

Ni katika chai ya namna hiyo aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Arusha, hakuitikia. Nikasema Tengeru, akaweka kikombe chini. Wapolandi wa rika lake wamesikia jina hilo: wakati wa vita, kuanzia 1942, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya Polandi ya wakati ule, waliishi pale Tengeru baada ya kupitia Uajemi. Makaburi yao yapo mpaka leo. Nikamwambia niliyapita nikienda shule. Stakabadhi yangu aliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida.

Mkutano wa Septemba

Usikose mkutano huu. Gmina nyingi zinatenga fungu la kila kijiji, fundusz sołecki. Kiasi kinatokana na idadi ya wakazi na mapato ya gmina kwa kila mtu, na hadi 31 Julai sołtys anaarifiwa kijiji chake kitapata kiasi gani mwakani. Wanakijiji wanaamua wakifanyie nini, na maombi yafike kwa wójt kabla au siku ya 30 Septemba. Ikipita, imepita. Yakichelewa hata kwa siku moja, mwaka mzima umekwenda.

Tangazo letu lilibandikwa kwenye ubao wa kituo cha basi: saa 12 jioni, "awamu ya pili" saa 12 na robo. Nilifika saa 12 kamili, nikakuta viti na paka. Kumbe awamu ya kwanza inataka akidi na ya pili haitaki, kwa hiyo watu wote huja kwa ya pili. Mkutano ulikuwa remiza, ghala la zimamoto wa kujitolea, katikati ya harufu ya mpira na dizeli. Watu ishirini na saba. Pesa, zloti elfu ishirini na ushei.

Kundi la kwanza lilitaka kokoto kwa njia ya mashambani. La pili, akina mama wa Koło Gospodyń Wiejskich, walitaka jiko jipya la ukumbi. Mimi nilitaka taa ya jua kwenye kituo cha basi, kwa sababu Desemba kunakucha saa moja na nusu na watoto wanasimama gizani kandokando ya malori. Kura sikuwa nayo. Katiba ya kijiji chetu inawapa wenye haki ya kupiga kura tu, na mimi si raia. Lakini kusema niliruhusiwa.

Sikuinuka kwanza. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepika maandazi ya sherehe ya mavuno pamoja na akina mama wale, na mmoja wao, ambaye mjukuu wake anapanda basi lile, ndiye aliyelitoa wazo. Mimi nilisimama baadaye na karatasi: bei tatu za taa kutoka kwa wauzaji watatu, na sentensi moja ya sababu. Maombi yanataka hasa hivyo: nini, kiasi gani, kwa nini. Mwenye kokoto hakuwa na bei. Alikuwa na mikono tu, akiionyesha urefu wa njia. Jiko lilipita, taa ikapita, kokoto zikapata zilizobaki. Sołtys akasoma kura kwa sauti, katibu akaandika, paka akatoka.

Kama sołtys wako haitishi mkutano wa fungu hili, wakazi 15 watu wazima wanaweza kuuanzisha wenyewe.

Kuisoma gmina bila kupiga kura

Kila gmina ina ukurasa rasmi wa mtandaoni wa habari za umma, uitwao BIP. Humo mna bajeti, maazimio, na tamko la mali la wójt. Unachokikosa uliza kwa barua pepe. Sheria ya 2001 ya habari za umma inasema "kila mtu", haisemi raia, na huhitaji kutoa sababu. Wana siku 14. Vikao vya baraza navyo vinarushwa mubashara tangu 2018. Mimi huvitazama nikipiga pasi.

Ukitaka picha nzima, tafuta "raport o stanie gminy". Wójt anautoa kila mwaka hadi 31 Mei, nao ndio wasifu wa gmina ulio bora: wangapi wamezaliwa, wangapi wamezikwa, madeni, shule, maji. Mkazi anaweza kuujadili mbele ya baraza akikusanya saini 20, kwa gmina isiyozidi watu 20,000, na kuziwasilisha siku moja kabla ya kikao. Ukiusoma, tazama mapato yametoka wapi. Kleszczów, karibu na Bełchatów, ni gmina ya vijijini kama yetu, ila ndani yake kuna mgodi mkubwa wa makaa na kituo cha umeme, na imesifika kwa miaka kuwa tajiri kuliko zote nchini. Yetu ina mnara wa maji na kiwanda cha mbao. Gmina hupata pia sehemu ya kodi ya mapato ya wakazi wake, kwa hiyo unapojaza fomu ya kodi andika anwani ya kijijini, usiandike ya chumba ulichopanga mjini kwa ajili ya kazi.

Taa iliwekwa Oktoba ya mwaka uliofuata, baada ya barua moja zaidi yenye muhuri. Inawaka yenyewe saa kumi jioni wakati wa baridi, na fundi ameifunga juu kidogo kuliko nilivyoomba. Sasa niwaache, kesho ni Alhamisi, zamu ya mifuko ya njano, na gari linapita saa moja asubuhi.